Mnawagombea Msiowasoma

Sikieni, enyi mnaokaa kwenye miteremko hii ya Mlima Kenya na uwanda unaoshuka chini yake, kuanzia Maua hadi Siakago, kuanzia Timau hadi Runyenjes. Kuzika waandishi mnakujua. Kipaza sauti kikishawashwa, kila mmoja ana ukoo wa kutaja: huyu ni wetu, mama yake alitoka kwetu, nyanya yake aliolewa ng'ambo ya Thuci. Kisha anaitwa mwalimu mkuu asome wasifu, naye anajikwaa katika majina ya vitabu kwa kuwa hajawahi kuviona, na umati unavipigia makofi vitabu ambavyo hakuna aliyenavyo nyumbani. Mcheza kwao hutuzwa, husema Waswahili. Kwenu hutuzwa akishatiwa kaburini, na tuzo yenyewe ni kugombewa.

Mmejifanya walinzi wa mlango wa fasihi ya taifa. Mnaketi kizingitini mnauliza kila anayefika: kitambulisho chako ni cha wapi, jina la baba yako ni nani, umeandika kwa lugha gani, una ngozi ya rangi gani. Kazi ya ulinzi mmeipenda mno. Kuingia ndani mkaketi na kilichomo, hiyo imewashinda.

Chukueni habari ya Micere Githae Mugo, maana ndiyo inayowaumbua zaidi. Alizaliwa mwaka 1942 huko Baricho. Leo Baricho ni Kirinyaga, lakini wakati ule eneo hilo, yaani Ndia na Gichugu, lilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu, na Kirinyaga haikuwa wilaya hadi mwaka 1963. Katika makaratasi ya mkoloni, basi, mtoto yule alikuwa wa Embu. Katika makaratasi ya Kenya huru akawa wa Kirinyaga, tena katika mkoa mwingine kabisa. Mpaka ulipokatwa mlihesabu tarafa na mashamba ya kahawa. Nani kati yenu aliyehesabu watoto wenye maneno waliobaki upande wa pili? Hakuna. Basi msije leo, mtu wa Embu na mtu wa Kirinyaga, mkavutania sketi yake kama watoto sokoni.

Lakini dhambi kubwa si ya mpaka wa wilaya. Mwaka 1976, Micere pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o walichapisha The Trial of Dedan Kimathi. Mapema mwaka 1977 Kenya iliupeleka mchezo huo Lagos, kwenye tamasha la FESTAC, pamoja na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, ili Waafrika wote waone taifa hili lina nini cha kusema. Mwanamke huyo alikuwa mwakilishi wa jamhuri! Mwaka 1982 akalazimika kuikimbia jamhuri hiyohiyo, na haukupita muda mrefu ikamvua uraia. Zimbabwe ikampokea na kumfanya raia wake. Akafundisha Harare, kisha kwa miaka mingi Syracuse, Marekani, na huko ndiko alikofia tarehe 30 Juni 2023. Ndipo wakubwa wakashindana kumwaga rambirambi. Binti wa taifa, walisema. Jitu la fasihi yetu.

Yetu tangu lini? Nijibuni. Aliyebeba pasipoti ya Harare kwa kuwa ya Nairobi aliporwa, katika miaka ile alikuwa mwandishi wa nchi gani? Mkitumia kipimo chenu cha kitambulisho, itawabidi mseme alikuwa Mzimbabwe, na Daughter of My People, Sing! ya mwaka 1976 muiondoe rafuni muipeleke Harare. Hamtathubutu. Mnajua moyoni kwamba kipimo hicho ni kibovu, lakini mnaendelea kuwapimia wengine kwacho kila siku. Aliyemweka Micere ndani ya Kenya katika miaka ya uhamisho hakuwa waziri wala mzee wa ukoo. Walikuwa walimu na wanafunzi walioendelea kuufungua mchezo ule, kuubishania, kuuigiza. Wao ndio waliokuwa uraia wake. Mwandishi huwa wa taifa kwa sababu kuna watu wa taifa hilo wanaomsoma na kumjibu. Waliobaki hupiga kelele za matanga.

Nageukia Meru. Mkitaka kuonekana wengi huhesabu vizuri: Igembe, Tigania, Imenti, Miutini, Igoji, Mwimbi, Muthambi, Chuka, Tharaka, wote Ameru, wote damu moja. Sasa mtajieni mtu wa Imenti jina la Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, malenga na mwandishi wa tamthilia, profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Atasema kwa fahari: huyo ni wetu. Mwambieni kwamba Tharaka ina kiu, kwamba shule za kule hazina vitabu, kwamba basari hazitoshi. Atasema: hao wana kaunti yao. Mnataka mashairi ya Tharaka bila Tharaka yenyewe. Na Embu hamna nafuu. H.S.K. Mwaniki aliziunganisha Embu na Mbeere katika jina la kitabu chake cha historia mwaka 1973, na Ciarunji Chesaina akaziunganisha tena mwaka 1997 katika kitabu chake cha fasihi simulizi ya Embu na Mbeere. Wasomi waliona jamii mbili zinazoimba pamoja na kuoana. Nyinyi mkiketi kugawana viti vya kaunti mnakumbuka ni mbili.

Kithaka huyo, ambaye kila mtu ni ndugu yake, mmemsoma? Najua jibu la wengi: tulimsoma shuleni. Kifo Kisimani ilikuwa kitabu teule cha shule za upili, kwa hiyo maelfu ya vijana wa Kenya walikariri habari za Mwelusi na Mtemi Bokono. Nasema walikariri, sisemi walisoma. Mwalimu aliingia darasani na mwongozo, mwanafunzi akanunua mwongozo, mtihani ukauliza maswali yaliyomo katika mwongozo, na tamthilia yenyewe, ile inayosimulia mtawala anayeufungia umma maji na kijana anayeuawa kwa sababu alisema, ikauzwa kwa mchuuzi wa vitabu vikuukuu wiki ile mtihani ulipoisha. Mtu mzima aliyepita hapo anakumbuka dondoo mbili. Ukimuuliza kama Butangi ni nchi anayoijua, anacheka, anadhani ni swali la alama nne.

Na Natala, je? Tamthilia ya mwaka 1997, mjane anayekataa kurithiwa na kunyang'anywa hati ya shamba. Ni kesi gani isiyokwisha katika mahakama za Meru na Embu kuliko hiyo? Mabaraza ya machifu yamejaa akina Natala. Lakini haikuwa katika orodha ya mtihani mlioufanya nyinyi, kwa hiyo kwenu haikuandikwa. Mchezo wa Karata, Bara Jingine, Redio na Mwezi, Msimu wa Tisa, Rangi ya Anga: diwani juu ya diwani, na hamjui kwamba kuna mtu wa milima hii aliyefanya kazi kubwa ya kulifungua shairi la Kiswahili kutoka katika vina na mizani. Wapo wa pwani waliokasirika na mashairi ya namna hiyo wakasema si mashairi. Hao angalau waliyasoma kabla ya kukasirika.

Mmeiachia ofisi moja ya mitaala Nairobi iwaamulie fasihi ya taifa ni ipi. Orodha ikitoka, taifa linasoma vitabu vinne au vitano. Orodha ikibadilika, vilivyoondolewa vinakufa, mchapishaji hachapi tena, duka la vitabu la mjini Meru linajaza rafu madaftari na sare. Simlaumu anayetunga orodha. Mtihani lazima uwe na vitabu. Nawalaumu nyinyi mnaodhani kwamba kazi yenu ya kusoma iliisha siku mliporudisha dawati.

Wala hiyo orodha haifuati kanuni mnazozipigania matangani. Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilisomwa katika shule za huku mlimani kwa miaka kadhaa. Mwandishi ni mzaliwa wa Pemba. Mwanafunzi wa Igoji alimlilia Maimuna bila kuuliza kama mwandishi ana kitambulisho cha Kenya, na hakuna mzazi aliyeandamana kudai mtoto apewe mhusika wa kwao. Coming to Birth ya mwaka 1986 nayo ilifundishwa. Marjorie Oludhe Macgoye alizaliwa Uingereza mwaka 1928, akaja Kenya mwaka 1954, akaolewa na Mluo, akawa raia baada ya uhuru, akaandika Nairobi ya Paulina kwa ukaribu ambao wengi waliozaliwa Pumwani hawakuufikia. Watoto walimkubali. Nyinyi watu wazima ndio mliobaki na maswali ya asili.

Sasa nije kwenye lugha, mahali mnapokuwa wakatili bila kujua. Mtu wenu akiandika kwa Kiingereza, mnasema ameandikia Wazungu. Alfred M'Imanyara alitoa Agony on a Hide mwaka 1973, Jesse Mugambi wa Embu akatoa mashairi yake, Carry It Home, mwaka 1974. Je, nani anawataja tunapoorodhesha fasihi ya Kenya ya miaka ile? Mugambi mnamjua kama mwanateolojia. Akiandika kwa Kiswahili mnasema amewaacha, amekuwa mtu wa pwani. Ireri Mbaabu aliandika Kiswahili Lugha ya Taifa mwaka 1978, Utamaduni wa Waswahili mwaka 1985, Historia ya Usanifishaji wa Kiswahili mwaka 1991. Mwenda Mbatiah akawapa wanafunzi Kamusi ya Fasihi mwaka 2001. Kiswahili cha Kenya kingekuwa maskini zaidi bila watu wa Meru, nanyi mnasimulia kana kwamba Kiswahili ni mgeni aliyepanda matatu kutoka Mombasa. Kisha akitokea mmoja akaandika kwa Kimeru au Kiembu, mnamwambia hiyo si fasihi ya taifa, hiyo ni ya kabila. Mmefunga milango yote mitatu, halafu mnashangaa nyumba ni tupu.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili, na katika ibara ya 11 inaitaka ikuze utamaduni wa taifa kupitia fasihi, miongoni mwa njia nyingine. Hakuna mahali inaposema fasihi hiyo iwe ya lugha mbili tu. Lakini mnatii sheria ya zamani zaidi, ile ya kanisa: lugha iliyopata Biblia ndiyo iliyohesabiwa lugha. Babu zenu wa Embu waliletewa Biblia ya Kigikuyu, wakafundishwa kusoma maneno ya jirani kana kwamba ni yao. Kimeru kilipata Biblia nzima mwaka 1964. Watharaka walisubiri Agano Jipya lao hadi mwaka 2001. Kwa kila mwaka wa kusubiri, watu walijifunza kwamba wanachosema nyumbani ni cha kuongea tu, hakiandikiki. Mkoloni amekwenda, somo hilo mmelibakiza.

Na kabla ya vitabu vyote hivyo mlikuwa na fasihi ambayo mnaidharau kuliko zote. Mzee wa Meru asiyejua kuandika jina lake alikuwa anajua Mbwaa, kisiwa ambako mababu walikaa chini ya wakubwa walioitwa Nguo Ntuni. Alijua jinsi wakubwa wale walivyowatoza mambo yasiyowezekana ili wawaue: walete ndama anayekunya kinyesi cheupe, mbwa mwenye pembe, mkuki unaogusa mbingu, na tunda lililodumbukizwa katika shimo refu litolewe bila kulichoma wala kulishika. Alijua jinsi kiongozi wao, Koomenjoe, alivyowajibia: ndama akanyweshwa maziwa matupu, pembe zikabandikwa kichwani mwa mbwa, shimo likamiminiwa maji tunda likaelea. Mkuki wa mbinguni ndio uliowashinda, kwa hiyo wakatoroka usiku, maji yakagawanyika, na waliovuka gizani wakaitwa Njiru, waliovuka alfajiri Ndune, waliovuka jua limetoka Njeru.

Itazameni hadithi hiyo kwa makini, maana imebeba hukumu yenu. Hii ni hadithi ya namna taifa linavyohesabiwa. Aliyechelewa kuvuka hakuachwa ufukweni. Wa usiku hakumwambia wa mchana: mimi ndimi Mmeru halisi. Walipewa majina matatu wakawa watu wamoja. Wachuka wana masimulizi yao mengine ya walikotoka, na hilo halikuwazuia kupiga ngoma zinazojulikana Kenya nzima kama fahari ya upande huu. Mababu walikuwa na ukarimu wa kuhesabu ambao wajukuu wenye digrii hawana.

Lakini jina la msimulizi liko wapi? Padri Mwitaliano, Bernardo Bernardi, alichapisha kitabu chake juu ya Mugwe, kiongozi wa kidini wa Meru, mwaka 1959, na katika jina la kitabu akamtangaza Mugwe kuwa nabii anayeshindwa. Jeffrey Fadiman, Mmarekani, alikuja kuwasikiliza wazee wa Meru na mwaka 1993 chuo kikuu cha California kikatoa When We Began There Were Witchmen. Wageni hao walifanya kazi; sitawanyima haki yao, kwani Mgala muue na haki yake umpe. Waliketi, waliuliza, waliandika, wakati watoto wa wazee haohao walikuwa wanaona haya kusikika wakiongea lugha ya mama. Kosa ni lenu: mmewaruhusu wazee wawe watoa habari na wageni wawe waandishi. Anayepanga maneno, anayejua wapi anyamaze na wapi apandishe sauti, anayeweza kushika watoto usiku kucha kwa mbwa mwenye pembe, huyo ni mtunzi. Mkimnyima jina hilo kwa sababu hakushika kalamu, basi mnafukuza nusu ya fasihi ya dunia.

Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka pale Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, pamoja na ile ya mdomo, iwekwe katikati. Angalieni watatu hao. Mmoja wao, Taban, hakuwa hata Mkenya. Ndiye aliyekuwa amelia mwaka 1965 kwamba Afrika Mashariki ni jangwa la fasihi. Mgeni huyo alisaidia kuamua Wakenya wasome nini, na Kenya ikafaidika. Mwaka 1974 walimu wakakutana Nairobi School kuyapeleka mawazo hayo shuleni. Ni nusu karne sasa. Fasihi simulizi ikaingia katika mtaala, ikageuzwa karatasi ya mtihani: taja sifa tano za mtambaji. Mtoto wa Runyenjes anazitaja zote tano na hajui kwamba kichaka cha Mwenendega, ambako Waembu wanasema ndiko walikoanzia, hakiko mbali na darasa lake.

Kuna mgeni mmoja anayenisumbua zaidi ya wote, nami nitasema ninavyomwona. Harold Lambert alikuwa mkuu wa wilaya hapa Meru katika miaka ya 1930. Alikuwa serikali ya mkoloni yenyewe. Mwaka 1947 alitoa kitabu kinachoeleza jinsi ya kuzitumia mamlaka za wenyeji, baraza la wazee la Njuri Ncheke likiwemo, katika kutawala. Mtu huyohuyo aliteremka pwani akachunguza Kivumba, Chichifundi, Kijomvu na Kingare kwa uangalifu ambao wasomi bado wanautegemea, na mwaka 1971 ikachapishwa Diwani ya Lambert, kwa Kiswahili. Je, ni mwandishi wa Kenya? Walinzi wa mlango watanijibu haraka kwa rangi yake, ama ndiyo ama la. Mimi nasema asomwe, cheo chake kikiwa mezani kando ya mashairi yake, na msomaji asiruhusiwe kuondoa kimojawapo. Walowezi Elspeth Huxley na Karen Blixen wamesomwa kwa macho ya namna hiyo, na hasira iliyotoka humo imezaa vitabu vizuri vya Wakenya. Anayefukuzwa bila kusomwa hazai chochote, hata hasira.

Msidhani ugonjwa ni wa mlima huu peke yake. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, na kwa kuwa mkutano ulikuwa wa wale wanaoandika kwa Kiingereza, Shaaban Robert hakuwamo. Alikufa Tanganyika mwezi huohuo. Vijana waliokuwa bado wanatafuta mchapishaji waliingia. Mzee mwenye rafu nzima ya vitabu vya Kiswahili alibaki nje ya mlango wa lugha. Na Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobeli, Watanzania waligawanyika kutwa nzima: ni wetu, si wetu, aliondoka, alifukuzwa, ni Mwingereza, ni Mzanzibari. Ilikuwa mechi kali. Paradise ilikuwa imetoka tangu mwaka 1994, na tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, ya Ida Hadjivayanis, ilikuja mwaka 2022. Kwa miaka 27 kabla ya tuzo hiyo hakuna aliyehitaji kuamua Gurnah ni wa nani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka ya kumsoma kwa lugha ya mitaa anayoiandika.

Enyi wazee wa Njuri, mnaoketi Nchiru. Mwanasiasa akija kutafuta kura mnajua kumvika, kumpa fimbo na kumbariki mbele ya kamera. Mmewahi kumwita mtunzi? Mwimbaji wa kirarire anayejua nyimbo za rika tatu zilizopita mmewahi kumketisha kiti hicho? Enyi wakuu wa vyuo: Meru ina vyuo vikuu, Chuka ina chuo kikuu, Embu ina chuo kikuu. Majengo yanapanda kila mwaka. Mwanafunzi akitaka tasnifu juu ya mtunzi wa kijiji kilicho nyuma ya ua la chuo, anaambiwa hakuna marejeo. Marejeo yamekaa nje ya ua anachambua majani chai. Na nyinyi wa redio, Muuga, Wimwaro, Weru, mnaojaza saa nzima kwa salamu na matangazo ya mazishi: mna sauti inayofika hadi jikoni, lugha ya mama iko mdomoni mwenu, na hamna hata robo saa ya mtu kusoma hadithi.

Msiniambie watu wetu hawana nguvu za kutetea kitu. Mei 2024 Mombasa ilipopiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, Embu yote ilisimama. Gavana alisimama, wabunge walisimama, mawakili wakaenda mahakamani, wakulima wa Mbeere wakasema kwenye runinga, suala likafika Ikulu katika siku chache. Sikejeli, lile ni jani linalolipa karo. Nawauliza tu ni lini mlisimama hivyo kwa ajili ya kitabu. Embu Historical Texts ya Mwaniki, iliyotoka mwaka 1974, ina maneno ya wazee waliokumbuka nchi ilivyokuwa kabla ya majeshi ya Mwingereza kuivunja Embu mwaka 1906. Wazee hao hawapo tena. Kitabu kikipotea hakuna msimu mwingine wa mvua utakaokiotesha, na hakuna aliyekwenda mahakamani.

Basi kila mwaka serikali za kaunti zinalazimishwa na sheria kuwaita kwenye mikutano ya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti. Mnakwenda, mnauliza barabara, mnauliza maji, mnauliza dawa, na mnafanya vyema kuuliza. Safari hii ulizeni maktaba pia. Mwambieni mwakilishi wadi awaonyeshe fungu la kununua vitabu vya watu wa hapa, kwa Kimeru, kwa Kiembu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na fungu la kuwarekodi watambaji na kuwalipa kama watunzi, majina yao yakiwa kwenye jalada. Akisema hakuna fedha, mwombeni awasomee kwa sauti fungu la sherehe na safari, mstari kwa mstari. Akianza kumsifu mwandishi fulani kuwa fahari ya kaunti, mkatizeni kwa heshima, mwambieni, mheshimiwa, tutajie kitabu chake kimoja na utuambie kinahusu nini, nasi tutangoja. Na kabla hamjamkatiza, hakikisheni nyinyi wenyewe mmekisoma, maana anaweza kuwarudishia swali hilo.